Kushuti video kwa shata ya polepole hapa Amu (Lamu): punda, mashua, ngoma ya fimbo ya kirumbizi (uzi mrefu, mwenye haraka apite)

Mtu wa Langoni (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kuna watu wananiuliza inboksi kuhusu zile klipu za punda na za mashua ambazo kila kinachotembea kinaburuzika kama rangi mbichi iliyopitishwa kidole, wengine wanasema ni efekti ya CapCut, ile programu ya kuediti, wengine ati lenzi yangu ina mafuta. Ni shata tu jamaa, yaani ule muda kamera inakaa wazi kupokea mwanga wa kila picha, imeshushwa chini ya pale tunapoambiwaga iwekwe. Naandika yote hapa mara moja maana kujibu mmoja mmoja nimechoka.

Kanuni mnaijua, ukishuti fremu (picha) 25 kwa sekunde weka shata 1/50 ya sekunde, ukishuti 30 weka 1/60, yaani mara mbili ya fremu. Hii imetoka kwa kamera za filamu za zamani, mle ndani kulikuwa na kisahani kinazunguka mbele ya filamu, nusu yake wazi nusu imeziba, na nusu duara ni digrii 180 ndo maana mpaka leo utasikia watu wanaitaja shata kwa digrii hata kama kamera yao haina kisahani wala nini. 1/50 kwa fremu 25 ni digrii 180, 1/100 ni 90, 1/25 ni 360. Ukifunga kuelekea 90 au 45 mwendo unakuwa mkali na wa kurukaruka, zile filamu za vita udongo unarushwa unaona hadi chembe, ndio mchezo wao huo. Sisi hapa tunaenda upande wa pili.

1/25 kwa fremu 25 ndio ukomo halali, kwa sababu fremu moja haiwezi kukaa wazi zaidi ya muda wake. Ila kamera nyingi zinakuruhusu ushuke tena. Kamera nyingi za Sony Alpha kwenye video zinafika 1/4. Inachofanya ni kupiga picha moja ndefu halafu inairudiarudia kwenye fremu zinazofuata mpaka picha nyingine iwe tayari, kwa iyo faili itaandika 25 lakini picha mpya unazopata kwa 1/6 ni kama 6 tu kwa sekunde. Ndio ule mdundo wa kukatika unaouona, kitu kinavutika kisha kinahama kisha kinavutika. Wapigapicha wa sinema za Hong Kong miaka ya 1990 walikuwa wanaupata kwa kushuti fremu chache halafu kila fremu inachapwa mara kadhaa maabara, leo ni setingi moja tu.

Sasa hapo ndo watu wengi wanaanguka. Wanashusha shata, wanatembea na kamera mkononi mtaani, wanarudi nyumbani na uji. Kabla hujagusa namba jiulize nini kitatulia kwenye fremu. Lazima kiwepo kitu kimoja kimesimama kabisa, jicho lipate pa kushika, ndio mburuzo wa vingine uonekane ni mwendo na usionekane ni ubovu. Na mji huu kwa hilo umebarikiwa wallahi, maana ukuta wa mawe hauendi popote, mlango wa nakshi hauendi popote, mzee kwenye baraza na kahawa yake saa nzima hajatikisika. Weka tripodi Usita wa Mui, mtaa wetu mkuu, ukiangalia mlango, acha mji upite mbele yake. Mkokoteni unapita, punda wanapita na magunia ya mchanga, watoto wa madrasa wanatoka mbio, wote wanakuwa moshi na ule mlango uko pale na kila mchongo wake unasomeka.

Kuna hesabu ndogo inasaidia sana, mimi naipiga kichwani kabla ya kushuti. Chukulia fremu yako inabeba upana wa mita 4 za ukuta na unashuti 4K, pikseli 3840 kwa upana, hiyo ni pikseli 960 kwa kila mita. Mtu anayetembea kawaida anaenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Kwa 1/50 atavutika pikseli 27 hivi, hiyo jicho linaiona ni kawaida tu. Kwa 1/25 ni 54. Kwa 1/6 ni 224 na kwa 1/4 ni 336, ambayo kwa ukutani ni sentimita 35. Mwili wa mtu ukimtazama kwa ubavu hauzidi sana hapo, kwa iyo kwa 1/4 bado unajua ni mtu, kiwiliwili kipo ila uso hakuna na miguu hakuna. Ukisogea karibu fremu ikabeba mita 2 kila kitu kinazidi mara mbili. Ukienda mbali ukashuti watu kutoka ng'ambo kule, hata 1/4 utaona kama hujabadilisha kitu. Ndo maana ukiniuliza "shata ngapi nzuri" siwezi kujibu bila kujua uko mbali kiasi gani.

Mwanga sasa. Jua letu la saa sita si la mchezo. Ile kanuni ya f/16 (f ni tundu la lenzi, namba ikipanda tundu linabana; ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga), jua kali ISO 100 shata 1/100, hapa inakaa sawasawa. Kwa f/8 itakuwa 1/400, na wewe unataka 1/6, hapo kuna stopu 6 katikati (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu), unahitaji ND64, filta ya giza inayopunguza mwanga mara 64. Kwa f/2.8 ni stopu 9, ND500. Na kama unashuti S-Log3 au log nyingine yoyote (zile profaili za picha iliyopauka ya kurekebishwa rangi baadaye) ambayo kamera haikuachi ushuke chini ya ISO 640 au 800 basi ongeza karibu stopu 3 zingine juu ya hizo, mimi kwa shata ya chini naacha log kabisa nashuti profaili ya kawaida.

Ila habari njema kwa asiye na filta: vichochoro. Kwenye kivuli cha mtaa wetu unapoteza stopu 4 hivi ukilinganisha na juani. Maana yake ISO 100 kwa f/8 tayari uko 1/25. Funga hadi f/16 uko 1/6. Bila kununua kitu. Kwa iyo kabla ya kuagiza filta nendeni mtaa wa Mkomani asubuhi na tripodi mjaribu.

Usifike f/22 lakini, picha inalegea kila mahali na vumbi lote lililo kwenye sensa linajitokeza kama madoa.

Nikipata nafasi ntaongezea ya mashua, hiyo ina mambo yake.

Mmalindi

Kaka uzi umeenda shule. Mimi niko Malindi huku hatuna vichochoro vya giza kama nyinyi, sisi ni tuktuk na jua. Nimejaribu kumfuata tuktuk barabarani kwa 1/10 mkononi, nageuka naye, yeye anabaki kidogo anaonekana lakini anatetemeka juu chini. Nakosea wapi?

Mtu wa Langoni

@Mmalindi hiyo ya kumfuata ndiyo tamu kuliko zote, pale kinachotulia ni tuktuk na ulimwengu mzima ndio unaburuzika. Lakini mkono unageuka vizuri kushoto kulia, juu chini ndio unakusaliti. Tafuta kichwa cha tripodi cha video kinachozunguka laini, funga kabisa ile ya juu chini, acha ya pembeni tu. Simama mahali ambapo tuktuk itakatiza mbele yako ubavu kwa ubavu, isiwe inakuja kwako, maana inayokuja kwako inakua ukubwa na hakuna namna ya kuituliza. Anza kugeuka mapema kabla haijafika, na ikishapita usisimame ghafla, endelea. Miguu iangalie pale unapotaka kumalizia, kiuno ndo kinageuka.

Na 1/10 kwa kuanza ni chini mno. Anza 1/25 upate mkono, shuka 1/15, halafu ndio 1/10.

Kitu kingine kwenye kumfuata, ukiwa kwenye hizi shata ambazo kamera inarudia picha, kioo cha kamera (skrini) nacho kinachelewa. Unaona tuktuk pale kumbe ishafika mbele. Usimfuate kwenye kioo, mtazame yeye mwenyewe kwa macho.

Mmalindi

Hapo kwa kioo umeniua, ndio hasa kilichokuwa kinanitokea. Ntajaribu pale karibu na soko jioni, jua likishuka.

Mgeni Mokowe

Nafuatilia. Swali la mnyonge: sisi wa simu je?

Mtu wa Langoni

@Mgeni Mokowe simu inaweza ila ina ugumu wake. Programu ya kamera iliyokuja na simu kwenye video mara nyingi haikupi shata, inajiamulia yenyewe. Weka programu ya Blackmagic Camera, ni ya bure, iPhone ilitoka 2023 na Android 2024 ila sio simu zote za Android zinaingia. Humo unaweka shata unavotaka, kwa digrii au kwa namba.

Shida ya simu nyingi ni apacha (lile tundu la lenzi) haifungiki, iko f/1.8 au hapo karibu basi. Piga ile hesabu, ISO 50 jua kali f/1.8 unapata kama 1/4000, kufika 1/25 unataka stopu 7 na kidogo. Bila filta ya kubana mbele ya lenzi huwezi juani, hata usijisumbue. Kichochoroni ND8 au ND16 inatosha. Na jioni baada ya magharibi huhitaji filta kabisa, pale gati taa zimewaka, boti zinaingia, simu imeegemezwa kwenye kitu kigumu, 1/25, unapata kitu kizuri sana.

Na ZIMA ile ya kutuliza video. Hii naandika kwa herufi kubwa maana ni ugonjwa wa simu. Simu inatikisika kidogo, picha inavutika kwa huo mtikiso, halafu programu inaihamisha fremu kuirudisha mahali pake. Fremu inatulia sawa lakini mvutiko haufutiki, umeshaandikwa ndani. Unapata picha iliyosimama tuli ambayo inalegea na kukaza inalegea na kukaza yenyewe, ukiiangalia unadhani macho yako ndo mabovu.

Mkosoaji Mkuu

Samahani wakuu lakini mi naona hii ni kuharibu video kwa makusudi halafu tunaita sanaa. Mteja wa harusi ukimpelekea bibi harusi amekuwa moshi atakulipa?

Mtu wa Langoni

@Mkosoaji Mkuu hatalipa na atakuwa na haki 😂 Hakuna aliyesema ushuti harusi nzima hivo. Mahojiano usithubutu, sauti inaenda kwa wakati wake na midomo inarukaruka, inaudhi. Mimi kwenye kazi ya dakika tatu naweka sekunde chache tu, pale ambapo shughuli imechemka na maelezo hayana maana tena. Ngoma ikikolea mtu aliyepo hakumbuki nani alivaa nini, anakumbuka vurumai.

Bi Mkubwa wa Mkomani

Assalam aleikum. Mimi nataka kuongeza jambo ambalo mwanzisha uzi kalipita juu juu. Sisi wanawake wa Amu tumechoka na kamera. Unatoka kwako kwenda dukani kuna mtu kakaa na lenzi, hajakuomba, kesho uso wako uko mtandaoni. Sasa mwanangu ananionyesha klipu ya Usita wa Mui watu wamepita wote kama vivuli, mabuibui yanaelea, humjui yeyote. Nikamwambia hii sasa ndio nakubali. Mji unaonekana una watu na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Lakini swali langu, je ni kweli hawajulikani? Maana ukisimamisha video fremu moja moja si utaona uso?

Mtu wa Langoni

Waaleikum salaam Bi Mkubwa, shikamoo. Umeuliza jambo la maana kuliko yote humu.

Jibu la kweli: inategemea. Anayepita mbele ya kamera kwa kukatiza, kwa 1/6 au 1/4 na yuko karibu, uso hauko kabisa, hata ukisimamisha fremu, kwa sababu haukuandikwa tangu mwanzo. Hapo ni tofauti na kumziba mtu uso baadaye kwa kompyuta, ambapo faili ya asili bado iko mahali ina sura yake. Ila anayekuja moja kwa moja kuelekea kamera havutiki sana, anakua tu ukubwa, uso wake unaweza kusomeka. Na akisimama hata nusu sekunde kusalimia mwenzake, yupo, wazi kabisa. Na mtaani kwetu nani asiyesimama kusalimia.

Kwa iyo mimi naweka kamera ubavuni, natazama ukuta, sitazami urefu wa mtaa. Waliosimama nakata hapo kwenye kuediti. Na naomba ruhusa bado, mwenye duka na wenye baraza kwanza, shata ya polepole haimaanishi nimepewa ruksa. Mtu ana haki ya kukataa hata kivuli chake.

Bi Mkubwa wa Mkomani

Marahaba. Hapo umenena. Na hao wageni wenye lenzi ndefu kule juu ya mapaa nani atawaambia.

Fundi Klipu

Mwanzisha uzi naomba nichokoze kidogo. Hiyo ya kamera kurudia picha kwa 1/6 mimi siipendi, ule mdundo wa kukatika kwangu umezidi. Kuna njia unapata mburuzo mrefu na video bado laini fremu 25 zote. Shuti kwa 1/25, digrii 360, tripodi. Halafu kwenye laptopu unachanganya kila fremu na zile zilizotangulia. ffmpeg, programu ya video unayoipa amri kwa kuandika, ina filta inaitwa tmix inafanya hilo tu:

ffmpeg -i punda.mp4 -vf "tmix=frames=6" -c:a copy punda_laini.mp4

Hiyo 6 maana yake kila fremu mpya ni wastani wa fremu sita, sita kwa 25 ni kama robo sekunde, kwa iyo unapata mburuzo wa 1/4 lakini unatiririka. Unataka zaidi weka 12, watu wanazidi kufifia wanakuwa moshi mwepesi.

Cha muhimu ni ile 360. Ukishuti 1/50 halafu ukachanganya, kati ya fremu na fremu shata ilikuwa imefungwa nusu ya muda, kwa hiyo huo mburuzo una mapengo, unaona mguu, mguu, mguu, mguu. Ukishuti 1/25 hakuna pengo, fremu inaisha nyingine inaanza palepale. Kanuni ya 180 hapa inakuumiza.

Mgeni Mokowe

Kwa hiyo hata simu yangu kwa 1/25 inaweza kutoa hiyo ya 1/4? Na filta ndogo?

Fundi Klipu

Ndio mzee. Ndo uzuri wake, filta unayohitaji ni ya kukufikisha 1/25 tu, hizo stopu zingine karibu 3 unazipata bure kwenye laptopu. Na klipu ya asili unabaki nayo, usipopenda unabadilisha namba.

Mtu wa Langoni

@Fundi Klipu hii nimeitesti jana usiku baada ya kusoma hapa, kwa watu na punda mchana nakubali mia kwa mia. Ila kwa taa usiku sikubaliani nawe. Nimeshuti boti zinaingia gatini zina tochi, nikalinganisha na 1/4 ya kamera yenyewe. Ya kamera mistari ya taa inang'aa, ya tmix mistari imefifia kama imepauka. Mbona?

Fundi Klipu

Swali zuri na jibu lake ni la hesabu. Sensa inajumlisha mwanga wenyewe. Tochi ikipita sehemu fulani kwa sehemu moja ya sita ya muda, sensa inapata moja ya sita ya ule mwanga, halafu ndo kamera inaubadilisha kuwa picha kwa ule mkunjo wa gama unaopandisha sehemu za giza, kwa hiyo moja ya sita inaishia kuonekana karibu nusu ya ung'avu. tmix inafanya kinyume, inachukua picha ambazo zimeshakunjwa tayari ndipo inagawa kwa sita, unabaki na moja ya sita kamili, giza. Juu ya hapo tochi yenyewe ilikuwa imeshachomeka nyeupe kwenye fremu, nguvu yake ya kweli haikuandikwa. Kwa hiyo taa, karabai za wavuvi, moto, fataki, tumia shata ya kamera. Watu, punda, maji, tmix.

Mtu wa Langoni

Basi hapo tumeelewana. Naiongeza kwenye daftari.

Sasa ya mashua niliyoahidi. Wengi wanashuti mashua kutoka ufukweni, tanga linapita, sawa, ni kumfuata tu kama tuktuk ya @Mmalindi, na mashua ikiwa mbali haivutiki sana. Mimi naipenda kutoka ndani. Kamera inafungwa kwa klempu kwenye mashua yenyewe huku tezini (nyuma) inatazama omo (mbele), kwa iyo mashua na mlingoti na mtu aliyekaa mbele wote wanatembea pamoja na kamera, wanabaki wamesimama. Kinachoburuzika ni bahari, na mikoko ya Manda huko pembeni, na upeo wa macho unayumba. Kwa 1/8 povu linalopita ubavuni linakuwa nyuzi nyeupe. Msimu wa kusi, mkondo ukiwa na upepo pale mbele ya Shela, ni balaa.

Ila ZIMA stabilaiza ya ndani ya kamera. Hii ni kinyume na akili ya kawaida maana mtu anasema boti inayumba si ndo niiwashe? Hapana. Kamera ina kipimo cha mtikiso, kinahisi boti inayumba, kinajaribu kuituliza picha kulingana na dunia. Dunia hapa ni bahari. Kwa iyo inahangaika kutuliza bahari, na mashua ambayo ndiyo ulitaka itulie inaanza kulegea. Ukizima, mashua inakaza palepale.

Usifunge kamera kwenye kitu kinachoguswa na tanga wala kamba zake, likigeuzwa utaagana na kamera. Muulize nahodha, yeye ndo anajua wapi salama. Na fokasi weka ya mkono, gusa mlingoti ukaze, funga, usiiachie kamera itafute yenyewe maana kwa shata ya chini na kila kitu kinapita itahangaika mpaka urudi bandarini.

Mmalindi

Na zile filta za kuzungusha, moja inayotoka nyepesi hadi nzito? Duka moja la Mombasa wamenielekeza hiyo.

Mtu wa Langoni

Inafaa kwa kazi nyingi ila jua mambo mawili. Ni polaraiza mbili zimewekwa pamoja, ukizungusha mpaka mwisho kwenye lenzi pana unapata msalaba mweusi katikati ya anga, kwa hiyo usiende hadi mwisho. Na baharini polaraiza inakula mng'ao wa maji, wakati mwingine ule mng'ao ndo ulikuwa unautaka. Kama bajeti ni ya filta moja nunua ND64 ya kawaida, ya saizi ya lenzi yako kubwa, lenzi ndogo unavalisha pete.

Mwana Kirumbizi

Nimechelewa kufika lakini nina kazi mbele yangu. Tunataka kushuti kirumbizi, wachezaji wawili na fimbo, duara la watu wanapiga matari, ni usiku uani chini ya taa. Nataka fimbo ziwe matao lakini wachezaji waonekane. Nipeni setingi.

Mtu wa Langoni

Taa kwanza. Umeme wetu ni wa 50Hz, taa mbovu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa iyo kaa kwenye fremu 25, shata 1/50 au 1/25, kila fremu inameza mipepeso kamili hakuna mstari mweusi. Ukienda 30 na 1/60 utaona mawimbi ukutani. Simu nyingi zinakuja zimewekwa 30, angalia hilo.

Fimbo inaenda mbio mara nyingi kuliko mwili, na ncha yake ndo mbio zaidi. Kwa hiyo 1/25 tu inatosha, fimbo inakuwa tao na mchezaji anakuwa na ukungu kidogo mikononi. Kirumbizi kina kuzungukana na kuviziana, kuna muda wamesimama wanatazamana, halafu ndo pigo. Ukiwa kwenye 1/25 wakisimama wanaonekana wakali kabisa, pigo likija panalipuka. Ukishuka 1/8 utapoteza hiyo tofauti, muda wote ni moshi. Mimi ningeanza na 1/25 mchezo wote, halafu mwisho mwisho matari yakipanda weka kamera ya pili 1/8 itazame duara la watu, fimbo zipite mbele yao.

Fundi Klipu

Naongezea, shuti hizo fimbo 50 kwa sekunde kama kamera inaweza, shata 1/50, hiyo nayo ni digrii 360. Ukitaka laini ya kawaida unachanganya fremu mbilimbili unapata 25. Ukitaka tao refu unachanganya nne au sita. Uamuzi unaufanya mezani, sio uani gizani watu wanakusukuma. Lakini kumbuka 1/50 usiku inakula stopu moja zaidi ya 1/25, omba waongeze taa.

Mwana Kirumbizi

Taa zipo tutaongeza mbili. Tripodi au mkononi? Pale watu wanasukumana kweli, na chini ni mchanga.

Mtu wa Langoni

Tripodi, miguu ifungue pana, izamishe mchangani mpaka igome, ile nguzo ya katikati usiipandishe hata kidogo. Mfuko wa mchanga uning'inie chini yake. Na tafuta vijana wawili wakae chini mbele ya kamera, ndo uzio wako huo, hakuna atakayewakanyaga. Hakikisha wazee wa ngoma wanajua umekaa wapi kabla haijaanza, fimbo ikiponyoka isije ikakuta lenzi.

Mwana Kirumbizi

Poa sana. Nikishuti naleta klipu mbili hapa, ya kamera na ya tmix, mseme wenyewe.